Kila mtu ana lugha yake ya programu: mimi nianze na ipi?

Assalaam aleikum mwalimu. Shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi Kisauni, Mombasa, na ni karani katika kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Kazi yangu kubwa ni kunakili. Hati zinakuja kwa barua pepe, mimi nachukua namba za makontena, majina ya meli, uzito na tarehe, nazitia kwenye Excel, kisha nampelekea mwenzangu anayejaza fomu za forodha. Kutwa macho yako kwenye namba.

Mwezi uliopita niligeuza tarakimu mbili katika namba ya kontena moja. Kosa halikuonekana mpaka dereva alipofika getini akaambiwa kontena kama hilo halipo. Siku zikapita hati zikirekebishwa, gharama ya kuhifadhi mzigo ikapanda, na mteja akaja afisini kunifokea mbele ya watu. Bosi hakunifuta, lakini tangu hapo kila orodha naikagua mara tatu, na bado nalala na wasiwasi.

Ndipo nikaingiwa na hamu ya kujifunza kuandika programu. Nasikia kazi kama hii kompyuta inaweza kuikagua yenyewe. Taabu ni kwamba kila ninayemuuliza ananivuta kwake. Mtoto wa ami yangu, aliyeajiriwa Nairobi kwenye kampuni ya kutengeneza tovuti, anasema nianze na JavaScript kwa sababu ndiyo yenye kazi, na eti ukitaka kuunganisha mfumo wowote na M-Pesa lazima uijue hiyo. Jirani yetu anayesoma chuo kikuu anasema asiyejua C hajui kompyuta, hizo nyingine ni za watoto. Kwenye video za intaneti wote wanaimba Python. Mwengine ameniambia nisome Kotlin nitengeneze programu za simu. Kuna na chuo kimoja hapa mjini kinafundisha lugha tano kwa miezi mitatu kwa shilingi 45,000. Nimeshatanguliza 5,000 ili wanishikie nafasi. Naye kaka yangu ananiambia nisijisumbue, siku hizi akili bandia inaandika yote.

Nimejaribu peke yangu. Nilianza JavaScript, nikasikia Python inasifiwa nikahamia huko, nikakwama mahali, jirani akanishauri nirudi mwanzo na C. Sasa najua maneno mawili matatu ya kila moja na sina hata kitu kimoja nilichokimaliza.

Nina laptopu kuukuu ya RAM GB 4, yenye Windows 10. Bando nanunua ya wiki. Hisabati nilipata D+ katika KCSE, na Kiingereza changu ni cha kusukuma. Muda ninao baada ya isha, watoto wa dada wakishalala, na Jumapili.

Nianze na lugha ipi, mwalimu? Na kwa hesabu zangu hizi, nitaweza kweli?

Karani wa Kisauni

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu. Marahaba.

Pole kwa kufokewa mbele za watu. Kosa la kugeuza tarakimu mbili humpata kila anayenakili namba kutwa nzima, na kukagua mara tatu kwa macho yaliyochoka hakulizuii. Umefanya vyema kutafuta dawa badala ya kuzidi kujilaumu.

Anza na Python. Kaa nayo mpaka umalize programu moja itakayokusaidia kazini, na mpaka hapo usiiguse nyingine. Sikwambii hivi kwa sababu ndiyo inayosifiwa kwenye video. Nakwambia kwa sababu kazi iliyo mikononi mwako ni maandishi, namba na majedwali, na huko ndiko Python iko nyumbani. Laptopu yako inaibeba bila taabu. Na ukishaiweka, unaweza kufanya mazoezi usiku kucha bila kuchoma hata MB moja ya bando. Ungekuwa na kazi nyingine ningekujibu vingine, na nitakueleza hapo chini.

Lakini kwanza tuzungumze juu ya kontena, maana ndilo lililokuleta.

Namba unazonakili zina herufi nne na tarakimu saba, kwa mpango wa kimataifa uitwao ISO 6346. Herufi tatu za mwanzo ni za mwenye kontena, na husajiliwa Paris, kwenye Bureau International des Containers. Ya nne, kwa makontena ya mizigo, ni U. Zinafuata tarakimu sita za kulitambulisha kontena lenyewe. Ile ya saba umeiona mara nyingi kwenye mlango wa kontena ikiwa imezungushiwa kisanduku, labda hukuwahi kuambiwa ni ya nini. Hiyo ni tarakimu ya ukaguzi. Inatokana na zile herufi na tarakimu kumi zilizoitangulia, kwa hesabu maalumu, ili mtu akikosea kunakili hesabu ikatae. Dawa ya kosa lako imeandikwa kwenye mlango wa kila kontena linalopita bandari ya Kilindini.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila herufi hupewa thamani: A ni 10, B ni 12, C ni 13, na kuendelea hivyo, ila 11, 22 na 33 zinarukwa. Tarakimu hubaki na thamani yake. Thamani ya kwanza unaizidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, kila hatua ukiongeza maradufu, mpaka ya kumi unayoizidisha kwa 512. Jumlisha zote, gawanya kwa 11, tazama baki. Baki hiyo ndiyo tarakimu ya saba. Ikitokea baki ni 10, huandikwa 0.

Chukua CSQU3054383, namba itumikayo sana kufundishia. C ni 13, S ni 30, Q ni 28, U ni 32. Ukizidisha na kujumlisha kama nilivyoeleza unapata 6185. Gawanya kwa 11: inaingia mara 562, baki 3. Na tarakimu ya mwisho ni 3. Namba ni sahihi. Sasa fanya kosa lililokuletea balaa, ugeuze 54 iwe 45, uandike CSQU3045383. Jumla inakuwa 6249, na baki ni 1. Namba inadai 3, hesabu inasema 1. Kosa limenaswa ukiwa bado kitini kwako, kabla dereva hajawasha lori.

Hapo ndipo penye jibu la D+ yako. Umeona hesabu gani hapo? Kuzidisha, kujumlisha na kugawanya, za shule ya msingi. Hata hizo si wewe utakayezifanya. Kazi yako ni kuijua njia na kuieleza kwa utaratibu usioruka hatua, na karani aliyezoea kupanga hati za forodha anao utaratibu huo tayari. Ziko kazi za programu zinazotaka hisabati nzito, kama michoro ya michezo ya kompyuta na utafiti wa akili bandia. Hii si mojawapo, na nyingi za afisini si mojawapo. Naona uchungu kila nikisikia kijana amefunga mlango huu kwa sababu ya alama ya kidato cha nne.

Basi programu ya kwanza iwe ndogo sana. Andika hivi, kama ilivyo:

namba = "CSQU3054383"
if len(namba) == 11:
    print("Urefu ni sawa")
else:
    print("Hesabu tena herufi na tarakimu")

Soma taratibu. Mstari wa kwanza unaiweka namba ya kontena chini ya jina. Wa pili unauliza kama urefu wake ni 11. Ukiwa 11, linaandikwa neno la kwanza. Usipokuwa, linaandikwa la pili. Maneno ya Kiingereza humo ni manne tu, na jina la namba nimelichagua mwenyewe kwa Kiswahili. Maneno ambayo Python imejitengea, usiyoweza kuyatumia kama majina yako, hayafiki 40. Aliyejua kusoma hati ya meli hawezi kushindwa na maneno 40.

Hiyo ikikubali, ongeza kidogo. Hakikisha nne za mwanzo ni herufi na saba zinazofuata ni tarakimu. Kisha tengeneza orodha ya thamani za herufi. Kisha ingiza ile hesabu ya kuzidisha. Python ina alama ya kupata baki moja kwa moja, nayo ni alama ya asilimia: ukiandika 6185 % 11 inakujibu 3. Jaribu leo usiku. Mwisho kabisa, ukishaiamini programu kwa namba moja, ifundishe kufungua orodha nzima. Excel inaweza kuhifadhi jedwali kama faili la CSV, yaani la maandishi matupu, na Python inakuja na kifaa cha kusoma CSV ndani yake, hukitafuti popote. Baadaye utajua pia openpyxl, inayosoma mafaili ya Excel yenyewe. Siku programu itakapopitia orodha ya makontena mia na kukuonyesha mawili yenye kasoro, utakuwa umeshajua kuandika programu, hata kama hakuna aliyekupa cheti.

Sasa nikuonyeshe mahali utakapojikwaa, maana hapo ndipo wengi wanapodhani lugha imewashinda na kukimbilia nyingine. Naona ndilo lililokupata wewe.

Wakati wa kuiweka: pakua kutoka python.org, ile ya Windows. Faili halifiki MB 50. Kwenye dirisha la kwanza la usanikishaji, chini, huwa kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa Add python.exe to PATH. Kitie tiki kabla ya kuendelea. Usipokitia, baadaye utaiita Python na kompyuta itadai haiijui. Pamoja nayo inakuja IDLE, dirisha jepesi la kuandikia na kuendeshea programu. Usipakue kingine chochote kwa sasa. GB 4 zinatosha na kubakia.

Ile nafasi ya mwanzo wa mstari, kabla ya print, si mapambo. Kwa nafasi hiyo Python inajua mistari ipi iko chini ya sharti lipi. Weka nafasi nne kila mara, usichanganye. Na usinakili programu kutoka kwa ujumbe wa WhatsApp: nafasi huweza kupotea, na alama za kunukuu huweza kugeuka zile zilizopinda ambazo Python haizikubali. Andika kwa mkono, herufi kwa herufi. Inachosha, lakini vidole navyo hujifunza.

Kisha siku utakapofika kwenye kuzidisha, utaona kioja. Utachukua ile 3 kutoka kwenye namba ya kontena, uizidishe kwa 16 ukitarajia 48, na Python itakujibu 3333333333333333. Usidhani imeharibika. Chochote kilicho ndani ya alama za kunukuu, kwake ni maandishi, hata kiwe na sura ya namba. Umeiambia irudie andiko la 3 mara kumi na sita, nayo imetii. Kuna amri iitwayo int inayogeuza andiko kuwa namba; itumie kwanza, ndipo uzidishe. Ukilielewa jambo hili moja umeelewa sehemu kubwa ya makosa ya mwanzoni, na si katika Python pekee.

Tena Python huanza kuhesabu kutoka sifuri. Ile C ya mwanzo iko nafasi ya 0, si ya 1. Wanafunzi hulalamika, lakini tazama kwenye kazi yako: 2 ikipandishwa kwa 0 ni 1, kwa 1 ni 2, kwa 2 ni 4, mpaka kwa 9 ni 512. Nafasi ya herufi yenyewe inakupa namba ya kuzidishia. Hakuna cha kukariri.

Ikitokea kosa, yataandikwa maandishi mekundu mengi. Anza kusoma mstari wa mwisho. Hapo Python inasema imekasirishwa na nini, na juu kidogo imetaja namba ya mstari. NameError maana yake umetaja jina isilolijua, mara nyingi umeandika Namba kwa herufi kubwa pale ulipokuwa umeandika namba. SyntaxError ni mabano yasiyofungwa, alama iliyosahauliwa, vitu kama hivyo. Kiingereza cha kusukuma kinatosha kabisa kwa maneno haya, kwa sababu ni yale yale yanajirudia.

Na ukikuta video inayoandika print bila mabano, iache. Hiyo ni Python 2, iliyoacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Lugha yenyewe ni ya zamani, Mholanzi Guido van Rossum aliitoa 1991, kwa hivyo mafunzo yaliyopitwa na wakati yamejaa tele na yanapoteza vijana.

Nirudi kwa washauri wako, maana hakuna aliyekudanganya. Kila mmoja amekupa jibu la swali lake mwenyewe.

Mtoto wa ami yako anatengeneza tovuti, na kwa tovuti JavaScript haina mpinzani. Brendan Eich aliitunga 1995 akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari cha wakati huo, toleo la kwanza kwa siku kumi, na leo iko ndani ya kila kivinjari, hata cha simu yako. Huhitaji kusanikisha: fungua Chrome kwenye laptopu, bonyeza F12, uko tayari. Ungekuwa unauza mabaibui Biashara Street na unataka tovuti ya kuonyesha bidhaa, au una nyumba ya wageni Nyali, ningekupeleka huko bila kusita, kwa sababu unaandika mstari na papo hapo unaona rangi zinabadilika. Huo ni utamu ambao Python haina. Mwanzoni inakuonyesha maandishi matupu. Ila kuhusu M-Pesa amekosea kidogo. Safaricom ina mlango wa kuunganisha mifumo uitwao Daraja, na mlango huo unapokea lugha yoyote inayoweza kutuma maombi kupitia intaneti: Python, PHP, Java, na JavaScript pia. Hiyo Java, kwa njia, ni lugha mbali kabisa na JavaScript. Usije ukalipia masomo ya moja ukidhani ni nyingine.

Jirani yako ana hoja nzito zaidi kuliko unavyodhani. C ilizaliwa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970 mikononi mwa Dennis Ritchie, na hata hiyo Python utakayopakua imeandikwa kwa C. Somo la CS50 la Chuo Kikuu cha Harvard, ambalo liko bure kwenye intaneti, linaipitia C kabla ya kufika kwenye Python. Anayetaka kuijua kompyuta mpaka mifupani atafika kwa C siku moja. Lakini yeye ana mhadhiri, ana maabara, ana miaka minne. Wewe una saa moja au mbili baada ya isha. C itakutaka upange mwenyewe kumbukumbu ya kompyuta, na ukikosea, mara nyingine programu inakufa bila kukwambia lolote. Kwa mtu anayejifunza peke yake usiku, ukimya huo unavunja moyo.

Kotlin tuiache. Ni lugha nzuri, na Google imeikubali rasmi kwa programu za Android tangu 2017, lakini Android Studio, chombo chake, inataka RAM isiyopungua GB 8. Laptopu yako itaganda.

Sasa chuo. Lugha tano kwa miezi mitatu ni chini ya wiki tatu kwa kila lugha. Umeshafanya jaribio hilo nyumbani bila malipo na umeona matokeo yake: maneno mawili matatu ya kila moja. Wengi hushawishika wakidhani lugha tano ni elimu mara tano. Sharti, marudio, orodha, kugawa kazi kwenye vipande vidogo, haya ndiyo ya kujifunza, nayo yamo katika lugha zote hizi. Aliyeyashika vizuri katika moja huhamia ya pili kwa wepesi. Asiyeyashika hurudi darasa la kwanza kila anapohama. Wapelekee risiti yako, waulize kwa maandishi kama wanarudisha kitangulizi au wanaweza kukihamishia kwenye darasa la lugha moja lenye mwalimu anayekaa na mwanafunzi. Wakikataa vyote viwili, heri kuumia kwa 5,000 kuliko kuongeza 40,000 juu yake.

Ulichokosa si chuo, ni mtu wa kumuuliza ukikwama. Nenda Swahilipot Hub, Mji wa Kale karibu na Fort Jesus, ambako vijana wa teknolojia hukutana. Wanafunzi wa Technical University of Mombasa, pale Tudor, nao wengi wanaijua Python. Huenda jirani yako mwenyewe ana rafiki huko. Tafuta mtu mmoja mnayeweza kuonana Jumapili, umwonyeshe ulichoandika wiki hiyo. Inaniuma kusema haya katika mji huu. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, zikaleta intaneti ya kasi Kenya nzima, na bado msichana wa Kisauni anapima bando ya wiki. Kwa hivyo mnapoonana, tumieni intaneti ya huko kupakua mnachohitaji, nyumbani ufanye mazoezi bila intaneti.

Kaka yako umwambie hivi: akili bandia kweli inaandika programu, na ukiiomba ya kukagua makontena huenda ikakupa leo hii. Utajuaje kama imesahau kuruka 22? Namba mbovu itapita, na atakayefokewa ni wewe. Itumie kama mtu wa kumuuliza. Jaribu kwanza, ukishindwa bandika mstari wako na kosa lake, uombe ueleweshwe kwa Kiswahili ni nini kilichoharibika, usiombe uandikiwe. Kisha funga dirisha uandike mwenyewe.

Wala usibandike humo hati za wateja, wala usizihamishie kwenye laptopu yako ya nyumbani. Majina ya wenye mizigo, namba zao za simu na za PIN ya kodi ni taarifa za watu, na Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019. Nyumbani fanyia mazoezi namba niliyokupa na nyingine za kubuni. Programu ikiwa tayari, mwendee bosi, mwonyeshe jinsi inavyoinasa CSQU3045383, umwombe ruhusa ya kuiweka kwenye kompyuta ya afisi. Baada ya gharama aliyolipa mwezi uliopita, sidhani kama atakataa kusikiliza. Ila mwanzoni usiache kukagua kwa macho. Hesabu hunasa makosa mengi, si yote, na namba iliyo sahihi ya kontena la mtu mwengine itapita vilevile.

Na kwa kuwa umewataja watoto wa dada: wakifika miaka minane hivi na wakiona mama yao mdogo anaandika programu watataka nao. Wao wape Scratch, lugha ya watoto iliyobuniwa chuo kikuu cha MIT, Marekani, ni bure, wanapanga vipande vya rangi badala ya kuandika, na inapatikana hata kwa Kiswahili.

Wewe pakua Python Jumapili hii. Ukifika kwenye ile hesabu ya kuzidisha na ikagoma, niandikie tena. Nakili ule mstari wa mwisho wa kosa kama ulivyo, pamoja na mistari mitatu ya programu inayouzunguka, tutautazama pamoja.